Akaunti ni ya nani? Mambo ya kupanga katika nusu saa ya kwanza

Wengi wetu tulifungua akaunti za mtandaoni kwa haraka, mara nyingi kwa mkono wa mtu mwingine, na tangu siku hiyo hatujaurudia ukurasa wa mipangilio. Kwa msemaji wa Kiswahili anayeishi Rwanda, ambaye simu yake huvuka mipaka pamoja naye, uzembe huo mdogo unaweza kumgharimu jina, fedha na kumbukumbu za familia.

Tumchukulie dereva mmoja wa lori, mkazi wa Nyamirambo jijini Kigali, ambaye kwa miaka mingi amekuwa akilipita daraja la Rusumo kwenda kupakia mizigo katika bandari ya Dar es Salaam. Si mtu halisi, lakini ni nani miongoni mwetu asiyemfahamu mtu wa namna yake? Siku aliponunua simu yake ya kwanza ya kisasa alikuwa Dar es Salaam, na laini aliyokuwa nayo mfukoni ilikuwa ya Tanzania. Akaifungua WhatsApp kwa nambari hiyo. Miaka ikapita, tajiri wake akamhamishia safari za Mombasa, na ile laini ya Tanzania akaitoa kwenye simu na kuitia katika droo pamoja na vifungo na betri chakavu. WhatsApp iliendelea kufanya kazi kama kawaida, kwa kuwa programu hiyo, ikishasajiliwa, haidai laini iwemo ndani ya simu. Inadai intaneti tu.

Kisha siku moja simu ilianguka ikavunjika. Alipowasha simu mpya na kuiandika nambari yake ya siku zote, msimbo wa uthibitisho wa tarakimu sita ulitumwa, lakini haukumfikia yeye. Ulimfikia mtu asiyemjua, mteja mpya aliyeuziwa nambari ileile kihalali baada ya kukaa muda mrefu bila matumizi. Ndani ya akaunti ile mlikuwa na sauti za marehemu baba yake, picha za harusi ya dada yake, na mazungumzo na wateja waliokuwa wakimtumia kazi. Nakala rudufu ya yote hayo ilikuwapo mtandaoni, lakini hurejeshwa kwa nambari ileile iliyoihifadhi, na nambari hiyo haikuwa yake tena.

Katika kisa hiki hamna mwizi. Kampuni ya simu ilifuata kanuni zake, WhatsApp ikafuata zake, na mteja mpya hakufanya kosa lolote. Kilichokosekana ni dakika kumi za kuufungua ukurasa wa mipangilio kabla ya ile laini kutupwa katika droo.

Mwenye akaunti ni mwenye njia ya kuirejesha

Tunapozungumza juu ya akaunti, tunadhani kwamba ni yetu kwa sababu ina jina letu na picha yetu. Kampuni inayoendesha huduma haioni hivyo. Haijui sura yako wala ukoo wako. Inalojua ni kwamba mtu fulani anaweza kupokea ujumbe katika nambari fulani ya simu, au kufungua barua pepe katika anwani fulani, au kuandika nenosiri fulani. Anayeweza kuyafanya hayo, kwake ndiye mwenye akaunti. Asiyeweza, hata akiapa na kuleta mashahidi kumi, ni mgeni mlangoni.

Hiyo ndiyo sababu maswali ya siku ya kwanza yana uzito kuliko yanavyoonekana. Tunapoulizwa nambari ya simu na anwani ya barua pepe, twadhani tunajaza fomu. Kwa kweli tunaandika wasia: tunaeleza ni nani atakabidhiwa nyumba siku ufunguo utakapopotea. Ukiandika nambari ya shemeji, umemtaja shemeji. Ukiandika anwani ya barua pepe ambayo huwezi kuifungua, hukumtaja mtu yeyote.

Kuna pia jambo la pili ambalo halisemwi mara nyingi. Akaunti mpya haiji ikiwa tupu. Huja ikiwa imeshapangwa: nani aione picha yako, nani akuingize katika kundi, nani ajue ulikuwa mtandaoni saa ngapi. Mipangilio hiyo iliamuliwa na kampuni, kwa kufuata maslahi ya kampuni na kwa kumfikiria mtumiaji wa kawaida aliye popote duniani. Kuifungua na kuisoma ni kuchukua uamuzi ambao tayari ulikwisha kufanywa kwa niaba yako.

Anza na lugha

Kwa wasikilizaji wetu, mpangilio wa kwanza kuutazama ni lugha. Simu nyingi zinazouzwa katika maduka yetu huwashwa kwa Kiingereza au Kifaransa, na mtu ambaye shule yake ilikuwa madrasa, soko na barabara ya masafa marefu hubonyeza neno la kukubali bila kujua amekubali nini. Kiswahili ni lugha rasmi nchini Rwanda tangu mwaka 2017, na kimo pia katika orodha ya lugha za simu nyingi za Android, katika huduma za Google na katika WhatsApp yenyewe. Ingia katika mipangilio ya simu, tafuta sehemu ya lugha, uchague Kiswahili. Huenda baadhi ya maneno yakakushangaza mwanzoni, kwa kuwa wafasiri wamelazimika kubuni istilahi. Lakini hakuna mtu mwenye busara atiaye sahihi karatasi asiyoweza kuisoma, na ukurasa wa mipangilio nao ni karatasi ya namna hiyo.

Kijana wa duka la simu

Wengi wetu hatukujifungulia akaunti sisi wenyewe. Tulinunua simu, na kijana wa dukani, kwa wema wake, akatufungulia barua pepe, akatuchagulia nenosiri, na pale penye kudai nambari ya pili ya dharura akaandika ya kwake ili kazi iishe. Au ni mtoto wa jirani, au mpwa aliyekuwa akielekea shule. Hatukuulizwa, na sisi hatukuuliza.

Kijana huyo huenda ni mwaminifu kama mchana. Hata hivyo, mambo matatu yanabaki kuwa kweli. Analijua nenosiri lako. Nambari yake ndiyo itakayopokea msimbo siku utakaposahau. Na pengine akaunti yako bado iko wazi katika simu yake au katika kompyuta ya duka. Mengi kati ya hayo wewe hutayajua mpaka siku utakapoyahitaji.

Dawa yake ni rahisi na haihitaji ugomvi. Katika mipangilio ya akaunti ya Google kuna sehemu ya usalama. Humo utaona nambari ya simu na barua pepe za kukurejeshea akaunti. Futa zisizo zako, weka zako. Utaona pia orodha ya vifaa vyote ambamo akaunti iko wazi; kile usichokitambua, kiondoe. Kisha badilisha nenosiri. Fanya hivyo ukiwa peke yako, nyumbani.

Barua pepe ndiyo mama wa akaunti zote

Wapo wanaosema: mimi barua pepe situmii, natumia WhatsApp na Facebook tu. Ni kweli kwamba huenda hawajaandika barua pepe hata moja. Lakini simu ya Android haikamiliki bila akaunti ya Google, na mara nyingi anwani hiyo isiyotumika ndiyo iliyoandikwa katika Facebook kuwa njia ya kurejesha nenosiri, ndiyo inayohifadhi nakala rudufu ya WhatsApp, na ndiyo yenye picha na orodha ya majina ya watu wako. Aliyeishika hana haja ya kuvunja mlango mwingine wowote: ataomba nenosiri jipya kwa kila huduma, na majibu yote yatamjia mkononi.

Mwaka 2012 mwandishi wa habari za teknolojia wa Marekani, Mat Honan, aliyaona hayo kwa macho yake. Wavamizi walipata taarifa ndogo kutoka huduma moja, wakaitumia kuwashawishi wahudumu wa huduma ya pili, na kutoka hapo wakaifikia barua pepe yake na akaunti yake ya Twitter. Kwa muda wa kama saa moja, akaunti yake ya Google ilifutwa, na simu yake na kompyuta yake zikafutwa kwa mbali, pamoja na picha za mwaka wa kwanza wa binti yake. Baadaye aliweza kuziokoa picha nyingi, lakini kwa taabu na gharama. Yeye mwenyewe aliandika kwamba kosa lilikuwa kuzifungamanisha akaunti zake kama shanga katika uzi mmoja, bila kuwasha uthibitisho wa hatua mbili. Huyu alikuwa mtu wa fani hiyo. Sisi wengine tuna sababu zaidi ya kujihadhari.

Jambo jingine la kukumbuka: tangu mwaka 2023 Google ina kanuni ya kufuta akaunti binafsi ambazo hazijatumika kwa muda wa miaka miwili. Mwenye akaunti ya zamani yenye picha za familia, ambayo ameiacha kwa sababu alibadilisha simu, na aifungue walau mara moja kwa mwaka.

Nenosiri refu, si nenosiri gumu

Kwa miaka mingi tulifundishwa kwamba nenosiri jema ni lile lenye alama za ajabu na tarakimu zilizochanganywa, na kwamba libadilishwe kila baada ya miezi michache. Matokeo yake watu waliandika jina la mtoto na mwaka wa kuzaliwa, wakaongeza alama ya mshangao mwishoni, na kila wakilazimishwa kubadilisha wakaongeza tarakimu moja. Mwaka 2017 taasisi ya taifa ya viwango na teknolojia ya Marekani, NIST, ambayo miongozo yake hufuatwa katika nchi nyingi, ilibadilisha mafundisho hayo. Ilisisitiza urefu badala ya ugumu, na ikashauri watu wasilazimishwe kubadilisha nenosiri kila baada ya muda bila ya kuwapo dalili kwamba limevuja.

Kwetu sisi huu ni ushauri wa kufurahisha, kwa sababu tuna lugha zaidi ya moja vinywani mwetu. Chukua maneno manne au matano yasiyohusiana, mawili ya Kiswahili, moja la Kinyarwanda, moja la Kifaransa, uyapange kwa utaratibu unaouona wewe tu. Sentensi kama hiyo ni nyepesi kwako kuikumbuka na ni nzito kwa mashine kuibahatisha. Epuka methali, majina ya nyimbo, aya za dini na jina la timu ya mpira. Hayo ni maneno ya watu wote. Na nenosiri la barua pepe lisifanane na la akaunti nyingine yoyote, kwa sababu huduma ndogo ikivujisha siri zake, jambo la kwanza ambalo wavamizi hufanya ni kulijaribu nenosiri lilelile kwingine.

Tarakimu sita

Ulaghai unaolalamikiwa sana miongoni mwa watumiaji wa WhatsApp hauhitaji ujuzi wa kompyuta. Unapokea ujumbe kutoka kwa mtu unayemfahamu: binamu aliye Bujumbura, rafiki wa kundi la msikiti au la kanisa. Anasema kwamba ametuma tarakimu sita katika simu yako kwa bahati mbaya, na anakuomba umpelekee. Tarakimu hizo ni kweli zimefika. Lakini si zake. Ni msimbo wa kuisajili akaunti yako wewe katika simu nyingine, na anayekuandikia si binamu yako. Ni mtu aliyekwisha kuitwaa akaunti ya binamu yako kwa hila hiyohiyo.

Ukimpa, simu yako inatolewa katika akaunti. Naye hataweza kuyasoma mazungumzo yako ya zamani, kwa kuwa yamehifadhiwa ndani ya simu yako, lakini ataonekana kwa watu wote kuwa ni wewe. Baada ya dakika chache mama mdogo wako na wauzaji wenzako sokoni wataanza kupokea maombi ya fedha: mtoto amelazwa, nimekwama mpakani, nitarudisha kesho. Fedha zitapotea, na kitakachochelewa kurudi kuliko fedha ni imani. Katika jamii ndogo kama yetu, ambamo mtu hukopeshwa kwa jina lake tu, hasara hiyo si ya kupuuzwa.

Kinga yake imo katika mipangilio ya WhatsApp, sehemu ya akaunti, penye uthibitisho wa hatua mbili. Ukiuwasha, utachagua nambari yako ya siri ya tarakimu sita. Tangu hapo, atakayejaribu kuisajili akaunti yako atadaiwa msimbo uliotumwa kwa ujumbe na pia nambari hiyo ya siri, ambayo haitumwi popote kwa kuwa imo kichwani mwako. Programu itakuuliza nambari hiyo mara kwa mara ili usiisahau. Utaombwa pia kuongeza anwani ya barua pepe. Usiiruke hatua hiyo. Aliyeisahau nambari ya siri na hakuweka barua pepe hulazimika kusubiri siku saba kabla ya kuruhusiwa kuingia bila nambari hiyo, na kwa mfanyabiashara siku saba ni nyingi.

Nambari ya simu si yako milele

Turudi kwa dereva wetu. Nambari ya simu hukodishwa, hainunuliwi. Laini isipotumika kwa muda uliowekwa na kampuni ya simu, hufungwa, na baada ya kipindi fulani nambari yake huuzwa upya. Muda huo hutofautiana kutoka kampuni hadi kampuni na kutoka nchi hadi nchi. Ulizia katika duka la kampuni yako, hasa kama una laini ya nchi jirani ambayo huitumia kwa msimu tu.

WhatsApp nayo ina hesabu zake. Akaunti isiyotumika kabisa kwa siku 120 kwa kawaida hufutwa. Na ikiwa akaunti imekaa siku 45 bila kutumika, kisha nambari yake ikasajiliwa katika simu nyingine, kampuni huchukulia kwamba nambari imepata mwenyewe mpya, na huiondoa picha na maelezo ya mwenye zamani. Kanuni hiyo inamlinda mteja mpya asiitwe kwa jina lako. Haikulindi wewe.

Kwa hiyo kanuni yetu iwe hii: usiiache laini kabla ya kuihamisha akaunti. Katika mipangilio ya WhatsApp, sehemu ya akaunti, kuna uwezo wa kubadilisha nambari. Utaandika ya zamani na mpya, na makundi yako na mipangilio yako vitahamia katika nambari mpya. Ukitaka, watu wako wataarifiwa. Ukishahama, tengeneza nakala rudufu upya papo hapo, ili iwe imefungamana na nambari uliyonayo sasa. Fanya hivyo wakati nambari zote mbili zingali mikononi mwako na zinapokea ujumbe. Kisha pitia akaunti nyingine zilizoandikwa nambari ile: Google, Facebook, benki, na zaidi ya yote huduma ya fedha kwa simu, ambayo lazima uende kuifunga au kuihamisha kwa wakala au katika ofisi ya kampuni.

Iwapo unaishi kwa laini tatu, ya Rwanda, ya Uganda na ya Tanzania, iandike katika akaunti zako ile moja tu ambayo huiachi kamwe, iliyosajiliwa kwa kitambulisho chako mwenyewe. Laini iliyosajiliwa kwa kitambulisho cha rafiki ni ya rafiki, hata kama umeitumia miaka kumi.

Ujumbe wa simu nao una udhaifu

Tarehe 30 Agosti 2019, ujumbe wa matusi na ubaguzi ulianza kutokea katika akaunti ya Twitter ya Jack Dorsey. Huyu hakuwa mtumiaji wa kawaida. Alikuwa mmoja wa waanzilishi wa Twitter na mkuu wake wakati huo. Kampuni ilieleza kwamba nambari yake ya simu ilikuwa imeingiliwa kwa sababu ya kasoro upande wa mtoa huduma wa simu. Wavamizi hawakuhitaji nenosiri lake. Waliishika nambari, na nambari ikawatosha.

Hila ya kuihamishia nambari ya mtu katika laini nyingine, kwa kujifanya kwamba yeye ndiye aliyepoteza laini yake, inajulikana pia katika nchi zetu. Dalili yake ni kwamba simu yako hupoteza mtandao ghafla, mahali ambapo wenzako wanao, na haurudi. Ukiona hivyo, usingoje asubuhi. Tumia simu ya jirani kuipigia kampuni yako.

Kwa sababu hiyo, pale huduma inaporuhusu, ni bora hatua ya pili ya uthibitisho isitegemee ujumbe wa simu. Google, Facebook na nyingine huruhusu programu ndogo itengenezayo misimbo ndani ya simu yenyewe, bila kupitia mtandao wa simu. Google hukupa pia misimbo kumi ya akiba, ambayo kila mmoja hutumika mara moja tu. Usiipige picha na kuiweka katika simu ileile. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Iandike katika daftari la karatasi, uiweke nyumbani pale unapoweka hati ya kiwanja na vyeti vya watoto.

Nani akuone

Baada ya milango, tuangalie madirisha. Katika sehemu ya faragha ya WhatsApp utakuta maswali mafupi: nani aone picha yako, nani aone maelezo yako, nani aone mara ya mwisho ulipokuwa mtandaoni, nani aweze kukuingiza katika makundi. Kwa kila swali unaweza kuchagua watu wote, watu walio katika orodha yako, au watu wa orodha yako isipokuwa baadhi. Kwa picha na muda wa mwisho unaweza pia kuchagua asiwepo yeyote.

Chaguo la watu wote maana yake ni watu wote kwelikweli: yeyote aliye na nambari yako, au aliyeibahatisha. Picha yako ya wasifu ikiwa wazi, tapeli anaweza kuinakili, akaifungulia akaunti mpya kwa nambari nyingine, na kuwaandikia jamaa zako kwamba umebadilisha nambari. Kwa mfanyabiashara anayetaka kuonekana, picha ya duka inatosha. Kwa binti wa shule, mzazi na akae naye waichague pamoja orodha ya watu wake tu. Na kwa kila mmoja wetu, mpangilio wa makundi uwe wa watu wa orodha yako, ili usijikute usiku wa manane katika kundi la wageni wanaouza ndoto za utajiri.

Tazama pia sehemu ya vifaa vilivyounganishwa. WhatsApp huruhusu vifaa vinne vya ziada kwa akaunti moja. Mtu aliyeishika simu yako kwa dakika moja anaweza kuiunganisha na kompyuta yake, na tangu hapo akawa anasoma pamoja nawe. Kifaa usichokitambua katika orodha hiyo, kitoe.

Sheria inasemaje

Rwanda ina sheria ya kulinda taarifa binafsi na faragha, nambari 058/2021 ya tarehe 13 Oktoba 2021, ambayo inampa mtu haki ya kujua taarifa zake zinatumiwaje, kuomba zisahihishwe na, katika hali fulani, kuomba zifutwe. Usimamizi wake uko chini ya mamlaka ya taifa ya usalama wa mtandao. Kenya na Uganda zilipitisha sheria za namna hiyo mwaka 2019, na Tanzania mwaka 2022. Kwa makosa ya jinai ya mtandaoni, Rwanda ina sheria ya mwaka 2018, na malalamiko hupelekwa katika ofisi ya upelelezi, RIB. Sheria hizi ni ngao, na ni vyema kuzijua. Lakini hakimu hawezi kuirudisha nambari iliyokwisha kuuzwa kwa mtu mwingine, wala sauti ya baba iliyokwisha kufutika.

Ikiwa tayari imetokea

Akaunti yako ya WhatsApp ikitwaliwa, usianze kwa kuomboleza. Andika nambari yako upya katika programu, uombe msimbo, uuandike. Mara tu utakapouandika, yule aliyekuwa ameishika hutolewa. Kama ameweka nambari ya siri usiyoijua, itakubidi kusubiri siku saba ili wewe uingie, lakini naye amekwisha kutoka. Wakati huohuo wapigie watu wako kwa sauti, uwaambie wasitume fedha. Mtake mmoja katika kila kundi atoe tangazo. Kama kuna aliyekwisha kutuma, aiarifu haraka kampuni ya fedha kwa simu, kisha RIB, akiwa na picha za ujumbe aliotumiwa.

Nusu saa yenyewe

Kwa ufupi, huu ndio mpangilio wa kazi. Badilisha lugha ili usome unachokubali. Ondoa nambari na anwani zisizo zako katika akaunti ya barua pepe. Weka nenosiri refu jipya, na uwashe hatua ya pili. Andika misimbo ya akiba katika daftari. Washa nambari ya siri ya WhatsApp na uiwekee barua pepe. Kagua vifaa vilivyounganishwa. Punguza watu wanaokuona. Hakikisha nakala rudufu inafanyika, na kwamba imefungamana na nambari na akaunti ambazo kweli unazishika leo.

Ukimaliza ya kwako, chukua simu ya mama. Huenda yeye ndiye mwenye sauti na picha nyingi kuliko sisi sote, na huenda nambari iliyoandikwa pale kwa ajili ya kumrejeshea akaunti ni ya kijana wa dukani ambaye alikwisha kuhama mji. Keti naye, mweleze kila swali kwa Kiswahili chake, na kila jibu alichague yeye.